Jinsi Toronto Walivyoyapima Mazoezi Kama Dawa

Dawa ikitaka kupimwa, njia yake inajulikana: nusu ya wagonjwa wanapewa kidonge chenye dawa, nusu nyingine kidonge kitupu kinachofanana nacho, na hakuna anayejua amemeza kipi. Mazoezi hayana kidonge kitupu. Aliyekimbia anajua kuwa amekimbia, na aliyeambiwa aendelee na maisha yake ya kawaida hakuna wa kumzuia asipande baiskeli kesho. Kwa sababu hiyo jaribio lililofanywa katika hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2000, linastahili kusomwa upya hatua kwa hatua. Watafiti wake walitaka kujua kama mazoezi yanaweza kupunguza kasi ya kuchakaa kwa mapafu ya mtoto mwenye sistiki fibrosisi.

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Mtoto huupata akichukua jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama, wazazi ambao kwa kawaida wao wenyewe hawaumwi. Jeni hiyo, CFTR, iko kwenye kromosomu ya 7 na ilitambuliwa mwaka 1989. Kazi yake ni kutengeneza protini inayopitisha chumvi kwenye kuta za seli, na maji huifuata chumvi. Protini ikishindwa kazi, utando wa ndani wa njia za hewa unakauka, makohozi yanakuwa mazito na kunata kama ulimbo, bakteria wanaweka maskani, na kila uambukizo unaacha kovu. Kongosho nalo huziba, chakula kisimeng'enywe vizuri.

Hali ya mapafu hupimwa kwa spiromita. Mgonjwa anavuta pumzi mpaka mwisho, kisha anaipuliza kwa nguvu zake zote. Hewa yote iliyotoka huitwa FVC, na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza huitwa FEV1. Namba hizo hulinganishwa na zinazotarajiwa kwa mtu mwenye afya wa umri, jinsia na kimo hicho hicho, zikaandikwa kwa asilimia. Familia zinazoishi na ugonjwa huu huijua FEV1 ya mtoto wao kama wengine wanavyojua alama zake za mtihani, na hofu ya siku ya kliniki huanzia hapo.

Kabla ya Toronto palikuwa na dalili nzito. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 109 waliopimwa kwa mazoezi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 8. Kipimo kilikuwa kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia mtu anapojitahidi hadi kikomo chake. Waliofikia asilimia 82 au zaidi ya kinachotarajiwa, asilimia 83 walikuwa hai baada ya miaka hiyo 8. Kwa waliokuwa na asilimia 58 au chini, waliobaki ni asilimia 28. Tofauti hiyo inatisha, lakini haithibitishi kwamba mazoezi ndiyo yaliyowaokoa. Huenda waliokuwa na nguvu za mwili walikuwa nazo kwa sababu ugonjwa haukuwa umewala sana. Watafiti walijaribu kuondoa athari hiyo kwa hesabu, na bado nguvu za mwili zikabaki na uzito wake. Hata hivyo hesabu haiwezi kuchukua nafasi ya kura ya kuwagawa wagonjwa katika makundi.

Toronto ndiko kura ilikopigwa. Watoto na vijana 72, wa umri wa miaka 7 hadi 19, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilitakiwa kufanya mazoezi ya kutoa jasho angalau dakika 20, mara 3 kwa wiki, moyo ukipiga takriban mara 150 kwa dakika. Kundi la pili liliendelea na shughuli zake za kawaida. Mazoezi yalifanyika nyumbani, na jaribio likachukua miaka 3.

Naona ustadi wote umo katika mambo mawili hayo ya mwisho. Tuanze na nyumbani. Ingekuwa rahisi kuwakusanya watoto ukumbini chini ya kocha mmoja, wakatiana moyo. Kwa ugonjwa huu haifai. Wagonjwa wa sistiki fibrosisi wanaweza kuambukizana bakteria ambao mtu mwingine hawamdhuru kitu, na mmojawapo, Burkholderia cepacia, amewahi kuua wagonjwa vijana kwa haraka. Leo huelekezwa wakae angalau mita 2 mbali na mwenzao mwenye ugonjwa huo huo. Watu ambao wangeelewana kuliko wote ndio wasioweza kukimbia pamoja, na hilo hunihuzunisha kila nikilisoma. Basi programu yoyote itakayodumu lazima iishi pale mtoto anapoishi, pamoja na ndugu na majirani zake, na Toronto waliipima hivyo hivyo.

La pili ni muda. Katika watoto 65 walioingia kwenye hesabu ya mwisho, 30 wa mazoezi na 35 wa kundi linganishi, FVC ya wasiopangiwa mazoezi ilishuka kwa wastani wa pointi 2.42 za asilimia kila mwaka. Ya waliopangiwa ilishuka pointi 0.25 tu. Kama mazoezi hayana athari yoyote, tofauti kubwa namna hiyo ingejitokeza kwa bahati tu mara 2 katika 100. Kwa FEV1 mteremko ulikuwa 3.47 dhidi ya 1.46, na hapo nafasi ya bahati ni 7 katika 100, yaani ushahidi ni dhaifu kidogo ingawa unaelekea upande ule ule. Sasa piga hesabu. Pengo la FEV1 ni pointi 2 kwa mwaka. Jaribio la miezi sita lingekuwa linatafuta pointi moja, nayo humezwa na mabadiliko ya kawaida ya spiromita, kwa maana mtoto yule yule huweza kupuliza vizuri Jumatatu na vibaya Alhamisi kwa mafua tu. Baada ya miaka 3 pengo linakuwa pointi 6, na hizo zinaonekana.

Mazoezi husaidiaje? Pumzi nzito na mtikisiko wa mwili husukuma makohozi, hilo mzazi yeyote aliyemsikia mwanawe akikohoa baada ya kukimbia analijua. Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walipima umeme mdogo uliopo kwenye ngozi laini ya puani mwa wagonjwa wakiwa wanafanya mazoezi, wakakuta milango inayonyonya sodiamu inapunguza kazi. Sodiamu ikinyonywa kidogo, maji yanabaki juu ya utando, na makohozi yanalainika. Likitokea hivyo pia ndani ya mapafu, basi mazoezi yanagusa kasoro yenyewe kwa muda.

Hata hivyo mwaka 2022 lilitoka jaribio lililowashangaza wengi, ACTIVATE-CF, la vituo vya Ulaya na Amerika Kaskazini. Wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea walitakiwa kuongeza saa 3 za mazoezi makali kwa wiki. Baada ya miezi 6, FEV1 ilikuwa nzuri zaidi kwa kundi ambalo halikuongeza chochote, kwa pointi 2.70. Si matokeo ya kufagiliwa chini ya mkeka. Lakini tazama lilivyojengwa: lilikusudia watu 292 likapata 117, na kipimo chake kikuu kiliwekwa kwenye miezi 6. Ukadiriaji wa tofauti ile unaanzia pointi 0.13 hadi 5.26, karibu na sufuri mpaka mbali sana, na hivyo ndivyo namba huyumba watu wanapokuwa wachache. Wakati huo huo waliofanya mazoezi waliongeza uwezo wa mwili kwenye miezi 6 na kwenye miezi 12. Uwezo huo ndio uliotenganisha walio hai na waliokufa katika wagonjwa wale 109.

Kwa maoni yangu, kosa ni kuidai FEV1 ya miezi michache itoe hukumu juu ya mazoezi. Kituo chenye baiskeli ya kupimia na saa kiwapime wagonjwa uwezo wao wa kujitahidi kila mwaka, kisha kichore mteremko wa mapafu kwa miaka. Mtoto anayetoka kwenye spiromita na namba ile ile ya mwaka jana hajafeli kitu. Kwa ugonjwa unaoshusha, kubaki palepale ni ushindi.

Ugonjwa huu si wa Kanada peke yake. Badiliko la jeni liitwalo 3120+1G→A limeonekana kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika, na mtoto mwembamba anayekohoa miezi kwa miezi huku kwetu hufikiriwa kwanza kuwa na kifua kikuu au utapiamlo. Dawa mpya za kurekebisha protini, ambazo mchanganyiko wake mkubwa uliidhinishwa Marekani mwaka 2019, zilibuniwa hasa kwa badiliko lingine, F508del, na bei yake haishikiki. Kukimbia hakuchukui nafasi ya antibayotiki, vimeng'enya vya chakula wala tiba ya kutoa makohozi, ila kunaweza kuanza leo, mtaani.

Anayeanzisha programu ya namna hii kwenye joto la Mombasa au Tanga azingatie chumvi. Jasho la mgonjwa hubeba chumvi nyingi kupita kawaida, na kwa kuwa damu inabaki na chumvi kidogo, kiu haimjii kwa wakati hata mwili ukikauka. Asisubiri mtoto aombe maji. Ampe kinywaji chenye chumvi kabla ya mazoezi, katikati na baada yake, kwa kipimo alichoelekezwa na daktari wake, na mazoezi yafanyike asubuhi mapema au jua likishapoa.