Mafuta Kwanza, Mwendo Baadaye

Makala mbili alizochapisha Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa, mwaka 1966 katika Journal of Experimental Biology zina mada moja: athari za homoni ya kopora alata kwa nzige dume wa jangwani. Ya kwanza inahusu mafuta, ya pili inahusu mwendo. Wengi huzisoma kwa ajili ya matokeo. Mimi nazisifu kwa mpangilio wake.

Kopora alata ni tezi ndogo mbili nyuma ya ubongo wa mdudu. Kwa tunutu, homoni yake huzuia kukomaa. Kwa nzige mwenye mbawa, homoni hiyohiyo huamsha uzazi. Odhiambo alizitoa tezi hizo kwa madume. Katika makala ya kwanza tunamwona dume asiye na tezi akirundika mafuta mwilini, nasi tunabaki na swali: mbona akiba hailiwi? Tunasubirishwa hadi makala ya pili, ambamo dume huyo anaonekana ametulia, mwendo umempungua. Lau utulivu ungetangulia, mafuta tungeyapuuza, tukayaita matunda ya uvivu. Kisha tezi zinapandikizwa upya na mwendo unarudi. Hapa ndipo penye uzito wa kazi nzima. Kutoa peke yake kungeweza kusingiziwa jeraha la upasuaji. Kurudisha kunaiondoa shaka hiyo, na muundo wenyewe unakuwa ushahidi.

Kuna pengo moja, nalo si dogo: msimu haumo. Msomaji wa Kilwa Kisiwani, aliyezoea kupima mwaka kwa kusi na kaskazi na kungojea masika ili apande, atauliza mara moja mvua iko wapi. Nyikani, nzige wa jangwani aliyekwisha kuota mbawa huweza kukaa miezi bila kupevuka mpaka mvua inyeshe na majani yachipue. Tezi husubiri hali ya nje. Maabara huifanya hali hiyo isibadilike, ndiyo maana hoja ikawa safi, lakini kungoja kwa mdudu kukapotea katika masimulizi.

Mwaka 1970 Odhiambo alianzisha ICIPE jijini Nairobi, kituo kinachochunguza wadudu wa Afrika hadi leo. Walimu wa biolojia wa Kilwa na pwani nzima, zifasirini makala hizi kwa Kiswahili, mzisomeshe kwa mpangilio uleule, na kando yake muweke kalenda ya mvua.