Mmoja Aliyetoka Katika Wanne

Kuna malalamiko tuyasikiayo mara kwa mara kwa watu wapendao nyimbo, hapa Kabanga na hata Kasulu mjini: ya kwamba Bien, tangu alipoanza kuimba mbali na wenzake wa Sauti Sol, si yule. Wasemao hivi si watu wasiojua kitu. Ni watu waliozipenda nyimbo za kundi lile miaka kumi na zaidi, wakazishika kwa moyo, na wengi wao ni waimbaji wa kwaya, wajuao sauti ya pili ni nini na besi ni nini. Kwa hiyo tumeona vema kuyapima malalamiko yao wala si kuyacheka. Twaona yana ukweli ndani yake, ila ukweli huo umewekwa mahali pasipo pake.

Kwa faida ya msomaji asiyewajua, tuseme kwanza habari zao kwa ufupi. Sauti Sol walianza Nairobi mwaka 2005. Watatu kati yao, Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, walisoma shule moja ya Upper Hill, na huko waliimba katika kundi la nyimbo za dini lililoitwa Voices in the Light. Wa nne, Polycarp Otieno, ni mpiga gitaa. Huyo walikutana naye Alliance Française. Hapo mwanzo waliimba kwa vinywa vitupu, pasipo chombo. Jina lao ni neno letu, sauti, pamoja na neno la Kihispania lenye maana ya jua. Mwaka 2008 walitoa albamu yao ya kwanza, nayo waliiita Mwanzo. Mwaka 2014 wakapata tuzo ya MTV ya Ulaya kwa waimbaji wa Afrika. Mwaka 2015 ikatoka Live and Die in Afrika, na mwaka 2020 Midnight Train. Kisha mwezi wa Mei 2023 wakatangaza kwamba watapumzika, na Novemba ya mwaka huo wakawaaga watu katika Uhuru Gardens, mahali pale pale bendera ya Kenya ilipopandishwa mwaka 1963. Katika mwezi huo huo Bien akatoa albamu yake mwenyewe.

Basi tuangalie ni kitu gani kilichovunjika, maana makundi hayavunjiki yote namna moja.

Sisi Watanzania tulikuwa na Yamoto Band, vijana wanne waliolelewa Temeke na Said Fella katika kituo cha Mkubwa na Wanawe: Aslay, Beka Flavour, Enock Bella na Maromboso. Walipotengana mwaka 2017 watu walisikitika sana, lakini masikitiko hayo hayakudumu. Aslay alitoa nyimbo zake moja baada ya nyingine, na Maromboso akaitwa Mbosso, akaingia kwa Diamond Platnumz mwaka 2018, watu wakampokea kana kwamba hakuna kilichopungua. Kwa nini? Twaona sababu yake ni hii: Yamoto waliimba kwa zamu. Mmoja alishika beti lake, akamwachia mwenzake, na huyo akamwachia wa tatu, mpaka wote wakutane katika kiitikio. Mtu wa zamu akiondoka, anakwenda na beti lake zima mkononi. Kazi iliyobaki ni kulirefusha tu.

Sauti Sol hawakuwa hivyo. Wao waliimba juu ya neno moja, wakati mmoja, kila mtu mahali pake, kama tufanyavyo kanisani. Sikilizeni Kuliko Jana, wimbo waliouimba pamoja na waimbaji wa RedFourth Chorus, ambao siku hizi hata kwaya zetu huupenda. Hakuna mtu mmoja mwenye wimbo ule. Ukimtoa mmoja ukamwambia, Haya, imba wewe, atakuwa ameshika kipande cha sauti ambacho peke yake si kitu, kama mguu mmoja wa kigoda. Mwalimu wa kwaya ye yote ajua jambo hili. Mwimbie mtoto mstari wa alto peke yake, naye atauliza kama huo ndio wimbo wenyewe au bado.

Kwa hiyo wanaosema kwamba kitu kimepungua wamesikia sawasawa. Masikio yao hayakudanganywa. Walakini twawauliza: aliyepungukiwa ni nani, Bien, au ni wimbo? Maana wao huenda kumsikiliza Bien wakiwa na wimbo wa zamani kichwani, na katika wimbo huo mna nafasi tatu zilizo wazi. Mtu akisikiliza nafasi zilizo wazi, atamsikiaje huyu aliye mbele yake?

Jioni moja tulikutana walimu saba nyumbani kwa mwenzetu, tukasikiliza kwa simu moja iliyowekwa ndani ya bakuli ili sauti ipate kukua. Tulisikiliza zile nyimbo ambazo Bien alizifanya na Aaron Rimbui, mpiga piano wa Kenya, ambazo wao wenyewe walizipa jina la mzaha juu ya kipara cha Bien. Humo piano yasikika karibu sana, na sauti yake Bien yasikika karibu zaidi. Mwanzo hatukuvumilia. Mmoja wetu alisema, Zima, tuweke za zamani. Mwingine, ambaye ni besi katika kwaya yake, alikuwa kimya. Lakini wimbo ulipofika katikati tulimsikia akiitikia chini chini, akitia sauti ambayo haikuwamo katika wimbo, wala haikupata kuwamo. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Tulipomtazama akacheka, akanyamaza. Na aliponyamaza ndipo tulipoisikia ile sauti ya Bien kwa mara ya kwanza.

Ni sauti ya namna gani? Ina mkwaruzo kidogo, kama ubao ambao seremala hajaumaliza kwa randa. Ndani ya kundi mkwaruzo huo hukuusikia, kwa kuwa sauti nyororo za wenzake ziliufunika, nao ulifanya kazi ya chumvi: hakuna aulaye, lakini chakula kisingekuwa chakula bila huo. Sasa umewekwa peke yake mezani. Tena pumzi yake yasikika. Husikia anapoivuta, na husikia anapoikosa kidogo mwisho wa mstari, akaliacha neno likaanguka badala ya kulishikilia kwa nguvu. Mtu aliyemzoea katika nyimbo za kuchezwa kama Sura Yako, ambamo ngoma hazimpi nafasi hata ya kumeza mate, hana habari kwamba mtu huyu anajua kuacha neno likaanguka. Huo ni ufundi, na kundi halikuwa na haja nao.

Twaomba ruhusa kutoa mfano wa majirani zetu. Wengi wetu tuishio juu huku tumewaona wapiga ngoma wa Burundi. Ngoma ya katikati huitwa inkiranya. Ziko nyingine ziitwazo amashakwe, ambazo kazi yao ni kushika mwendo mmoja bila kukoma, na nyingine ni ibishikiso, ambazo hufuata inkiranya iendako. Wapigaji hutoka mmoja mmoja, akaja katikati, akaruka na kupiga awezavyo, kisha akarudi na kumpisha mwingine. Huyo wa katikati watu wote wamtazama yeye, lakini hayuko peke yake hata kidogo: amashakwe zimemshika mgongo. Bien katika Sauti Sol alikuwa mara nyingi mtu wa katikati. Watu wakadhani waliyekuwa wakimpenda ni yeye. Amashakwe ziliponyamaza wakaona ajabu kwamba hawaruki tena pamoja naye, wakamtia yeye makosani.

Na yeye je, hana kosa? Hatutaki kumtetea kwa kila jambo. Albamu yake ya Novemba 2023 twaiona imejaa mno. Hapa kuna wageni wa kuimba naye, pale kuna ngoma nzito, kama kwamba mtu aliyehama nyumba ya watu wanne ameingia katika chumba kimoja, akaogopa ukimya wake, akawasha redio mbili. Ziko nyimbo nzuri humo. Lakini mara nyingi twaona anajificha, na mahali pa kujificha palipokuwa pa halali, yaani kati ya ndugu zake, hapapo tena.

Jambo la pili ni maneno. Lugha yake ni ya Nairobi, Kiswahili na Kiingereza na Sheng katika sufuria moja. Sisi hatuchukii Sheng. Kila mji una maneno yake, na hata Kiha cha hapa kina ya kwake ambayo watu wa pwani hawayajui. Ila wanne wakiimba pamoja, neno lisilosikika hubebwa na mvumo wa sauti, na msikilizaji aridhika. Mmoja akiimba polepole mbele ya piano, msikilizaji huningʼinia kila neno, na kila neno asilolielewa ni ngazi iliyokatika. Twasema wazi kwamba katika nyimbo kadhaa tulianguka.

Walakini uko wimbo uitwao Inauma. Huo ni wimbo wa mtu aliyeumizwa na mapenzi, na maneno yake mengi ni mepesi. Tuliusikiliza mara tatu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita nje aliuliza ni nani aliyefiwa. Hapo ndipo tulipopata jibu la wale wasemao kwamba kila wimbo wa Bien ungekuwa mzuri zaidi kama wenzake wangekuwapo. Wimbo huu usingekuwa. Wanaume wanne wakisimama wakaimba kwa sauti nne zilizopangwa vizuri kwamba mwanamke mmoja amewaumiza wote kwa pamoja, nani atawasadiki? Majonzi ya namna ile ni ya mtu mmoja. Yakipangwa sauti ya kwanza hata ya nne, yanakuwa sherehe.

Kumbe basi ziko nyimbo za wanne na ziko nyimbo za mmoja, na mwimbaji atokaye katika kundi ana kazi ya kuzitenga. Huko Uingereza kulikuwa na kundi la vijana waliopendwa mno, Take That. Mwaka 2022 mmoja wao, Gary Barlow, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatungia nyimbo nyingi, alisimama peke yake katika kumbi ndogo za michezo ya kuigiza, akasimulia maisha yake na kuimba. Hakushindana na kundi. Aliugeuza upweke ukawa ndio habari yenyewe ya jioni ile. Twaona ni njia ya busara, na kwa Bien ingefaa: chumba kidogo, piano ya Rimbui au gitaa moja, na watu wachache wasioweza kumfunika kwa kelele.

Labda msomaji atasema, Haya yote ni mambo ya Nairobi na Ulaya, yatufaa nini sisi tulimao mahindi na maharage huku milimani? Twajibu kwamba yako mlangoni petu. Kila mwaka vijana wetu huanzisha makundi ya waimbaji wanne shuleni. Huimba vizuri, hualikwa arusini, hata watu wa vijiji vya mbali hutuma pikipiki kuwachukua. Kisha kidato cha nne humalizika. Mmoja huenda Dar es Salaam kutafuta kazi, wa pili huingia chuo cha uuguzi, wa tatu anaoa na kuhamia Kibondo. Abakiye ni mmoja. Jumapili fulani anaombwa asimame aimbe, naye anasimama. Nasi twafanya nini? Twamtaka wimbo ule ule wa zamani wa wanne, na akiisha kuuimba tunanongʼona njiani kwamba siku hizi ameharibika. Tumemwona kijana mmoja, mwenye sauti safi sana ya tena, aliyeacha kuimba kabisa kwa ajili ya minongʼono hiyo. Hakuna aliyemwuliza kama ana wimbo wa kwake. Baadaye tulipata habari kwamba alikuwa nazo mbili, amezitunga mwenyewe na kuziandika nyuma ya daftari la hesabu.

Juu ya Chimano na Savara hatujasema neno, ingawa nao wana nyimbo zao. Wa kwanza ana sauti yenye madaha ambayo yataka makala yake yenyewe. Na Polycarp je? Yeye alikuwa mwenye gitaa, na watu husahau kumtaja waulizapo ni nani aliyepungua. Lakini rudieni Lazizi, wimbo wa katika albamu ya Mwanzo, mkasikilize lile gitaa linavyotangulia kuingia kabla ya mtu ye yote kufungua kinywa. Sisi tulipomsikiliza Bien na piano usiku ule, kitu cha kwanza tulichokikosa kilikuwa hicho, kabla ya sauti yo yote.

Msomaji mwenye simu na atakaye kujaribu, asianze na nyimbo za kuchezwa. Aanze na Kuliko Jana, wote wakiwamo, mara moja tu. Kisha anyamaze kidogo, hata dakika tano, aweke kuni motoni au afunge mbuzi. Ndipo aweke Inauma.