Ukili Ukutani

Ukiingia kwa wifi yangu, mtaa wa Magomeni hapa Bagamoyo, utaona ukutani kitu ambacho wageni hudhani ni pambo lisilomalizika. Ni ukili mmoja mrefu, upana wa vidole vitatu, umepigiliwa misumari kuanzia kitandani chumbani, ukapita ukumbini, ukatoka mlango wa nyuma na kufuata ukuta wa ua mpaka kwenye mtungi wa maji. Hauko kwenye kimo cha mtu mzima. Uko chini, usawa wa bega la mtoto aliyeketi. Kila penye mlango pana fundo. Penye kidaraja cha kushukia uani mafundo ni mawili. Na kabla ya kufika jikoni kwenye moto, msuko unabadilika: ukindu laini unakoma, inaanza miyaa mikavu inayokwaruza kiganja.

Hiyo ndiyo barabara ya mwanawe. Ana miaka miwili na nusu, haoni, na bado hatembei. Anajikokota kwa makalio, mkono wa kulia ukutani, na wa kushoto anausukumia sakafuni kama mtu anayepiga kasia.

Hakulia alipozaliwa. Ubongo ulikosa hewa, ukaumia pawili: panapotawala viungo, na panaposoma kile macho yanacholeta. Macho yenyewe ni mazima, meusi, mazuri, ndiyo maana watu hawaamini wakiambiwa. Si kila mtoto asiyeona yuko hivyo. Mwenye mtoto wa jicho, akiwahishwa kwenye hospitali yenye wataalamu wa macho ya watoto, kama CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, anaweza kupasuliwa akaona. Kuchelewa ndiko kunakoharibu, kwa sababu ubongo uliokosa picha utotoni haujifunzi vizuri kuzisoma ukubwani. Mama yeyote anayeona weupe kwenye mboni ya mwanawe, akaambiwa na majirani angoje akue kwanza, nakuomba usingoje. Kwa huyu wetu hapakuwa na cha kupasua. Palikuwa na cha kufundisha.

Wifi ni msukaji tangu usichana wake. Bibi yake alimfundisha kusuka usiku, taa imezimwa ili mafuta yasiishe, na mpaka leo akisuka huwa hatazami mikono. Vidole vinahesabu chane vyenyewe huku yeye akizungumza na watu. Mimi naamini ufundi wake wa kulea ulianzia hapo. Alishajua kwamba vidole vina akili yao, na kwamba havipendi kuharakishwa.

Tazama anavyomwonyesha mtoto embe. Wengi wetu tungemkamata mkono na kuubandika juu ya tunda. Nilifanya hivyo mwenyewe mara ya kwanza, mtoto akavuta mkono akalia, nikadhani hanipendi. Wifi hakunilaumu. Aliniambia tu, "Wifi, huo mkono ndio jicho lake. Wewe ukishikwa kichwa kwa nguvu ukageuzwa utazame kitu usichokijua, utafurahi?" Kisha akaweka mkono wake yeye kwenye embe, na kumwacha mtoto aulaze wake juu, mgongoni mwa mkono wa mamaye. Kwa hiyo cha kwanza alichogusa kilikuwa kile anachokijua kuliko vyote duniani. Kutoka hapo mama akaanza kujiondoa. Kidole kimoja, akatulia. Cha pili, akatulia. Mtoto alikuwa huru kurudi nyuma wakati wowote, na kwa kuwa alikuwa huru, hakurudi. Vidole vyake vikateremka, vikakuta ngozi ya embe, vikasita, vikateremka tena. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Mama hakusema neno zaidi ya moja: "Embe, baba."

Hakuna kinachompata mtoto huyu kwa ghafla. Kabla ya kuogeshwa anapewa kata ya kifuu aishike. Kabla ya kubebwa anapewa pindo la mbeleko. Kabla ya kula anapewa kijiko cha mbao, kilekile kila siku. Vitu hivyo vitatu ndiyo maneno yake ya kwanza. Yuko mbali bado na kusema, lakini juzi alikokota kata mwenyewe mpaka kwa mamaye, na sote tukajua anataka maji. Na mguuni wifi anavaa njuga moja, kama zile za wachezaji ngoma wa mji huu, ili mtoto ajue mama yuko wapi, anakuja au anakwenda. Akitoka kwenda dukani bila kuaga, ni kosa analojihesabia yeye mwenyewe.

Kule anakompeleka kwa mazoezi ya viungo alionyeshwa picha ya kasha dogo lenye vitu vilivyoning'inizwa ndani, analazwa mtoto humo avipapase. Aliyelibuni ni mwalimu wa Denmark, Lilli Nielsen, aliyezaliwa mwaka 1926. Kwao walikuwa watoto saba, wanne wasioona, naye akiwa na miaka 7 tu alikabidhiwa kumwangalia mdogo wake asiyeona. Alijua alichokuwa akikibuni. Mtoto anayeona hunyoosha mkono kwa sababu kitu kinamwita kwa rangi. Asiyeona anasikia mlio, lakini hajui bado kwamba mlio una mwenyewe, na kwamba mwenyewe anashikika. Wengi hulijua hilo mwaka wa kwanza ukielekea kwisha, na mwenye viungo dhaifu huchelewa zaidi. Ndani ya kasha, kila akitikisika anagusa kitu, na kitu kinakuwa palepale alipokiacha jana.

Wifi aliomba kasha la mbao sokoni kwa wavuvi, akalikwangua harufu kwa majivu na ndimu. Ndani akaning'iniza vifuu viwili, kombe, funguo za zamani, kijiko cha bati, kipande cha jamvi. Alibadilisha urefu wa nyuzi mara nyingi sana. Uzi ukiwa mrefu mno kitu kinamlalia usoni, ukiwa mfupi mno mtoto anakata tamaa. Siku ya kombe nilikuwepo. Aliligonga kwa bahati, likalia. Akanyamaza. Akaligonga tena, safari hii kwa kusudi, na uso wake wote ukageuka kuwa swali.

Sitaki kuificha gharama. Mtoto huyu hajui usiku. Saa nane anaamka kana kwamba kumekucha, na mama anaamka naye, maana kaka yangu mara nyingi yuko baharini. Bakuli dogo la uji linachukua dakika arobaini: anakalishwa ndani ya tairi lililotandikwa kanga, mgongo wima, kidevu kimeinama kidogo asipaliwe, kijiko kinagusa mdomo wa chini, halafu kinangoja afungue mwenyewe. Mikeka anayouza sasa haifiki nusu ya ile ya zamani. Kwenda Dar kwenye mazoezi ni kilomita 70 hivi ndani ya daladala, na wapo wanaohama kiti. Nimemwona analia, kisha anajifuta na kuendelea kushona.

Ya mbele anayawaza. Kuna Buigiri, Dodoma, wanakosoma wasioona tangu mwaka 1950. Kuna Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, yenye wasioona na wenye ulemavu wa akili. Nikimtajia, anasema, "Kwanza afike mtungini."

Jumamosi iliyopita, jua likiwa limeshuka, alikuwa ameketi mkekani uani akisuka, mimi nachambua mchele. Njuga kaivua. Kutoka ndani tukasikia makalio yakiburuzika na kiganja kikisugua ukindu. Fundo la mlango; akatulia. Mafundo mawili, akatulia zaidi, akanyoosha mguu kuutafuta ukingo, akashuka kwa tumbo kama alivyofundishwa. Upepo wa bahari ukampiga usoni, akacheka. Nikataka kuinuka, wifi akaniwekea mkono gotini. Mtoto alikuta ukili tena, akaufuata, mpaka kiganja kikakutana na ubaridi wa udongo.

Wifi hakusema kitu. Nilimtazama vidole: vilikuwa vimesimama katikati ya chane.