Uzee Usiopewa Sura: Kumsoma John Mbiti kutoka Pito

Pito ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Ni nchi ya nyasi na upepo, yenye miti haba, na baridi ya mwezi wa Juni na Julai ambayo mtu wa pwani hawezi kuikisia. Ukatoliki ndio uliotia mizizi huko, tangu Mapadri Weupe walipoingia pande za Ziwa Tanganyika katika karne ya 19. Waanglikana walichelewa, nao ni wachache. Si mahali ambapo mtu angetazamia kuanzia habari za kasisi wa Kianglikana, Mkamba wa Kitui, aliyemalizia umri wake Uswisi. Lakini kasisi huyo, John Samuel Mbiti, aliandika kwa jina la Afrika nzima, na anayesema kwa niaba ya Afrika nzima amesema pia kwa niaba ya Pito. Ni haki basi asomwe kutoka huko.

Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931, akalelewa katika kanisa la wamisionari wa Africa Inland Mission. Alisoma Makerere, kisha Marekani, kisha Cambridge, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1963, na mwaka huohuo akapewa ukasisi katika Kanisa la Uingereza. Alifundisha Makerere hadi 1974, akaongoza taasisi ya kiekumeni ya Bossey karibu na Geneva, kisha akawa mchungaji wa ushirika katika mji mdogo wa Burgdorf. Alifariki Oktoba 2019. Mengine ya wasifu wake yamekwisha andikwa sana. Ila jambo moja halitajwi vya kutosha: kitabu chake cha mapema, hadithi ya Mutunga ya mwaka 1954, ni cha Kikamba, na kazi yake kubwa ya uzeeni, tafsiri ya Agano Jipya kutoka Kiyunani iliyotoka mwaka 2014, ni ya Kikamba vilevile. Kiingereza kilichompa umaarufu kimekaa katikati.

Umaarufu huo ulitokana hasa na *African Religions and Philosophy* cha mwaka 1969. Humo alidai kwamba Mwafrika wa jadi huujua wakati kwa pande mbili tu. Upande mmoja ni yanayotendeka, yaliyotoka kutendeka na yaliyo karibu kabisa kutendeka. Upande wa pili ni yaliyopita, yasiyo na mwisho, ambayo ndiyo hazina ya kila kitu. Wakati ujao wa mbali, kwa maoni yake, haupo, kwa kuwa lililokuwa bado halijawa wakati. Ushahidi wake mkuu aliutoa katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambamo aliona kauli ya wakati ujao haivuki miaka miwili. Na alipotafuta majina ya pande hizo mbili, aliyaazima kwa Waswahili: Sasa na Zamani.

Hapo ndipo msomaji wa visiwani husita. Mkopo wa maneno si kosa, na Mbiti alieleza wazi kwamba ameyakimbilia ili kuepuka mazoea ya Kiingereza. Lakini mkopaji hakuuliza maneno hayo yana kazi gani kwao. *Zamani* ya Kiswahili ilitoka katika Kiarabu ikiwa na maana ya wakati, tena wakati wowote. Ndiyo maana wazee husema “zamani hizi” wakikusudia siku zilizopo, na “zamani za Sayyid Said” wakikusudia enzi fulani yenye mwanzo na mwisho. Si bahari inayozamisha kila kitu. Nacho kiambishi *-ta-*, ambacho Mswahili hukitumia kwa yajayo, chatokana na kitenzi *taka*: yajayo ni yale yanayotakwa. Lugha hiyohiyo ina majina ya siku nne za mbele, kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Hili la mwisho halimpingi Mbiti, kwa kuwa siku nne bado zimo ndani ya Sasa yake. Lakini laonyesha kwamba alikuwa na sababu ya kukaa kidogo zaidi na wenye maneno kabla ya kuondoka nayo.

Wanafalsafa wamekwisha mkosoa kwa njia nyingine. Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwa mifano ya Kiakan kwamba dai la Mbiti haliwezi kuenezwa kwa bara zima. Ufipa una ushahidi wake, nao ni mzito. Masimulizi ya Wafipa yanamtaja Kaswa, mtabiri aliyepita akiwaambia watu juu ya kuja kwa wageni na juu ya maisha yatakavyogeuka. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliyaandika masimulizi hayo na kuyachapisha mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Mbiti. Mtetezi wa Mbiti atajibu kwamba utabiri usimuliwao baada ya wageni kufika ni habari ya Zamani iliyovishwa nguo ya kesho. Jibu hilo lina nguvu, ila halitoshi. Hata kama Kaswa alitungwa baadaye, wasimulizi wake walijua kumweka mtu katika siku za kale na kumgeuza uso atazame mbele, miaka mingi mbele, na wasikilizaji wao hawakuona ajabu. Watu wasio na wakati ujao hawawezi kutunga mtabiri.

Kuna pia jembe. Mkulima wa Kifipa wa jadi hulima matuta ya duara, akizifukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea, na tuta la msimu huu hutawanywa msimu ujao ili liotesheo ulezi. Mbiti angeliruhusu hili bila taabu, kwa kuwa yafuatayo mzunguko wa majira aliyahesabu kuwa wakati unaowezekana. Haya, na tuliache jembe.

Thamani ya Mbiti haimo katika nadharia ya wakati. Imo katika lile alilolifanya kwa nadharia hiyo alipofika kwa mwanadamu anayezeeka. Kwake, mtu huondoka polepole katika Sasa kuelekea Zamani. Akifa, hafi mara moja: maadamu yuko anayemkumbuka kwa jina, yeye ni mfu aliye hai, na nyumba yake bado humtilia maanani. Ni pale anapokufa wa mwisho aliyemjua ndipo huingia katika umati wa roho zisizo na majina. Ni wazo lenye uzuri mkubwa, na kasisi aliyelitamka alijua kwamba wamisionari waliomlea walikuwa wakiwahubiria Wakamba kurudi kwa Yesu na mwisho wa dunia, mambo ambayo, kwa maoni yake, lugha yao haikuwa na mahali pa kuyapokelea. Tasnifu yake ya Cambridge, iliyochapishwa mwaka 1971, ilihusu fumbo hilohilo. Nadharia nzima ya wakati, ukiisoma kwa makini, ni swali la kijana wa Mulango kwa walimu wake wa dini, lililotiwa koti la kitaalamu.

Sasa tazama mpango wa kitabu. Sura ya 11 ni ya kuzaliwa na utoto, ya 12 ni ya jando na unyago, ya 13 ni ya ndoa na uzazi. Ya 14 ni ya kifo. Mtu huoa, huzaa, na ukurasa unaofuata amekufa. Uzee, ambao nadharia yote yauegemea, haukupewa sura. Wazee wametapakaa kila mahali katika kitabu wakiwa mashahidi, watambikaji, watunzaji wa majina. Lakini goti linalouma, meno yaliyokwisha, mama anayengoja kuletewa maji kwa sababu hawezi tena kuyachota, hao hawamo. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1990, mwandishi akikaribia miaka sitini. Sura hiyo haikuongezwa.

Pengo hilo si la mpangilio tu, na Sumbawanga ndiyo inayolionyesha. Jina la mji huo, kwa maelezo ya wenyeji, ni amri ya kuutupa uchawi. Mbiti aliuandikia uchawi sura ya 16, na kwa ujasiri, kwa kuwa hakuwacheka wanaouamini. Lakini baina ya sura hiyo na ile ya wafu walio hai hakujenga daraja, na katika Tanzania daraja hilo limepitwa na watu halisi. Tangu miaka ya 1970 pande za Shinyanga na Mwanza zimejulikana kwa mauaji ya vikongwe, hasa wanawake, walioshukiwa kwa sababu ya macho mekundu. Macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni wa miaka arubaini ya kuwapikia haohao waliowageuka. Kikongwe wa namna hiyo, katika mpango wa Mbiti, yuko wapi? Amekaribia Zamani kuliko wote, angestahili heshima kuliko wote. Jamii iliyompa heshima hiyo ndiyo iliyomwogopa, na pengine kwa sababu ileile: kwamba yuko karibu na wasioonekana. Willis, katika *Man and Beast* cha 1974, aliona kwamba Wafipa hukigawa kiwiliwili baina ya kichwa, ambacho ni akili na ukubwa, na kiuno, ambacho ni nguvu na ujana. Mgawanyo huo wamweka mzee juu; unamwacha pia bila nguvu. Mbiti aliandika nusu ya kwanza kwa ufasaha usiopitwa na wengi.

Je, alikuwa hajui? Vitabu vyake vingine vyashuhudia kwamba alijua. *The Prayers of African Religion* cha 1975 kimekusanya sala za watu wanaoomba mvua, mtoto, afya, na kuuona usiku ukipita salama. Humo hakuna nadharia inayobana. Kuna mtu aliye na shida na Mungu anayesemeshwa. Kwa msomaji anayetaka kumjua kasisi, kitabu hicho chapaswa kutangulia kile mashuhuri. Diwani yake ya *Poems of Nature and Faith*, ya 1969 vilevile, ni dhaifu kama ushairi, na sikio lililozoea vina na mizani ya pwani halitaridhika nayo. Hata hivyo shairi lake la maghorofa ya New York limebeba kile ambacho nathari yake ya mwaka huohuo inakificha: mtu mmoja, mbali na kwao, asiyeungwa mkono na ukoo wala kabila, akitazama.

Visiwani kasisi wa Kianglikana amejulikana tangu zamani kuwa mfasiri. Askofu Edward Steere, aliyefariki Zanzibar mwaka 1882, aliyaweka maandiko ya kanisa lake katika Kiswahili. Godfrey Dale akaitafsiri Kurani, ikachapishwa mwaka 1923. Wote wawili walitafsiri kuingia katika lugha waliyojifunza ukubwani. Mbiti alifanya kinyume chao. Kutoka Burgdorf, baada ya kustaafu, alirudi katika lugha aliyonyonya, akakaa na Kiyunani upande mmoja na Kikamba upande wa pili, neno kwa neno, hadi kitabu kikatoka mwaka 2014, mwenyewe akiwa amepita miaka themanini.

Kazi ya namna hiyo huhesabiwa kwa miaka, na aliye katika umri huo huianza bila hakika ya kuimaliza. Wasomaji wake wengi walikuwa hawajazaliwa. Humo, katika Injili na nyaraka za mitume, mfasiri alilazimika kutafuta kauli ya Kikamba kwa siku ya mwisho, kwa ufufuo, kwa yule atakayekuja. Yaani kwa kila jambo ambalo mwaka 1969 alisema halina mahali katika vitenzi vya mama yake. Mwenye kukijua Kikamba na aifungue tafsiri hiyo penye ahadi za Mathayo na Ufunuo, aone ni kitenzi gani mzee huyo alikichagua.