Fundi na Grisi Yake

Ufukweni Kajaga, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mchana, mitumbwi ya wavuvi wa ndagala imevutwa juu ya mchanga ikisubiri usiku na taa zake. Fundi anayekagua mtumbwi hapotezi muda kutazama ubao. Anapitisha kidole kwenye maungio, kwa sababu maji hayatoboi ubao mzima. Yanatafuta pale ubao ulipokutana na mwenzake.

Maungio ndiyo yaliyonifanya niiheshimu meli ambayo wazee wa ziwa hili wanaijua kwa jina la Liemba. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni ambalo Burundi ilikuwa sehemu yake. Ilipokwisha kuungwa, ikafunguliwa yote, vipande vikatiwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakapanda Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia viliikuta bado haijaingia majini.

Walioletwa kuiunga upya ni fundi Anton Rüter na wenzake wawili, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na mafundi na vibarua wa Kiafrika na wa Kihindi. Kazi yao ilikuwa ribiti, na ribiti haitaki haraka. Tundu la bamba hili sharti lilingane na tundu la bamba lile. Ribiti huchomwa kwenye makaa hadi iwe nyekundu, hushikwa kwa koleo, hutiwa tunduni. Mmoja hukikandamiza kichwa chake kwa chuma kizito. Mwenzake, upande wa pili, huugonga mkia mpaka utanuke uwe kichwa cha pili. Ikipoa hunywea, na kwa kunywea huko huyabana mabamba kuliko mkono wowote. Baada ya hapo ukingo wa bamba hupigwa patasi mpaka ulale na kuziba. Ni kalafati ileile ya mafundi wa majahazi wa pwani, ila wao hutumia pamba. Hapa chuma hujiziba chenyewe.

Meli yenye urefu wa karibu meta 70 ikaingia majini tarehe 5 Februari 1915. Ikapewa mzinga wa milimita 105 uliookolewa kutoka Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamia Rufiji, na kwa muda hakuna chombo ziwani kilichothubutu kuisogelea.

Julai 1916 Wajerumani wakawa wanaondoka Kigoma, na amri ikatoka kwamba meli izamishwe. Mafundi wakatii, lakini kifundi. Waliipaka mitambo grisi nzito, mahali kwa mahali, wakaijaza meli mchanga, kisha tarehe 26 wakaiacha ishuke polepole karibu na mlango wa mto Malagarasi. Askari angeilipua, na kazi ikaisha kwa dakika moja. Mwenye kuijua kila ribiti aliifunika kama mtu anayefunika chungu, akijua ipo siku kitapakuliwa.

Wabelgiji waliiibua, dhoruba ya 1920 ikaizamisha tena Kigoma. Waingereza waliitoa tarehe 16 Machi 1924, wakakuta mitambo bado inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Mashine za mvuke zilikuja kupisha za dizeli, lakini bodi ilibaki ile iliyopigwa ribiti Kigoma.

Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walirundikana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na maji kusini kidogo mwa mpaka wetu. Liemba ilitia nanga mbali na ufuko, mitumbwi ikawapeleka, nayo meli ikawabeba mamia kwa safari moja hadi Kigoma. Mzinga ulikuwa umeondolewa zamani. Mama aliyepanda na mtoto mgongoni hakuwa na haja ya kumjua Rüter. Alichohitaji ni maungio yasiyopitisha maji, na yalikuwepo.