Vipande Visivyopigwa Picha: Toleo Maalumu la The African Queen na Ziwa Letu

Miongoni mwa wapenzi wa sinema kuna kundi ambalo halitosheki na filamu peke yake. Filamu ikiisha kuonyeshwa na watazamaji wengine wakaenda zao, ndipo hao wanapoanza kungoja. Hungoja toleo maalumu la kutazamwa nyumbani, lenye picha zilizosafishwa, maelezo ya mwongozaji, na hasa vile vipande vilivyokatwa katika chumba cha mhariri ambavyo umma haukupata kuviona. Wako waliongoja mwaka mmoja, na wako waliongoja nusu ya umri wao. Hata huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, toka Rumonge hadi Nyanza-Lac, ambako filamu nyingi hutufikia katika flashi zilizonakiliwa mara nyingi, wanafunzi hutuuliza: je, mwalimu, hii ndiyo yote, au kuna iliyobaki?

Swali hilo tunaliona kuwa la maana, wala halistahili kupuuzwa kama upuuzi wa vijana. Tunakusudia kulijibu kwa kuitazama filamu moja ya zamani, The African Queen, iliyotolewa mwaka 1951 chini ya uongozi wa John Huston. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, toleo lake maalumu ni miongoni mwa matoleo yaliyongojwa kwa hamu kubwa na kwa muda mrefu. Pili, na hili ndilo linalotugusa zaidi, kisa chake kimechotwa katika ziwa hili hili ambalo wavuvi wetu wa ndagala huliwashia taa kila usiku usio na mbalamwezi.

Kabla ya kuifikia, inafaa tukiri kwamba kiu ya vipande vilivyopotea ina haki yake. Filamu ya Kijerumani Metropolis, kazi ya Fritz Lang, ilionyeshwa Berlin kwa mara ya kwanza Januari 1927, na haikupita muda ikakatwa vibaya sana. Kwa miaka themanini watu waliitazama ikiwa na mapengo. Mwaka 2008 nakala ndefu zaidi ikagunduliwa katika jumba la makumbusho la sinema mjini Buenos Aires, ikiwa na takribani dakika 25 zilizodhaniwa kuwa zimetoweka, na Februari 2010 filamu iliyounganishwa upya ikaonyeshwa. Mtu mwembamba aliyekuwa kama kivuli kipitacho akawa mhusika mwenye kazi yake katika kisa. Bahati hiyo haikuipata The Magnificent Ambersons ya Orson Welles, ya mwaka 1942: kampuni iliyoimiliki iliondoa zaidi ya dakika 40, ikabadili mwisho, kisha ikaviharibu vipande vilivyoondolewa. Waliobaki nje ya kazi ile wangali wanaililia hadi leo. Hao hatuwacheki.

Sasa tuirudie The African Queen. Wapenzi wake wa Marekani walikaa miaka mingi na kanda za video, hali ya kuwa Ulaya DVD zake zilikuwa zimekwisha kutoka. Shida ilikuwa ya picha zenyewe. Filamu ile ilipigwa kwa utaratibu wa Technicolor, ambao kamera yake hugawa mwanga katika mikanda mitatu, kila mmoja ukichukua sehemu yake ya rangi. Mikanda hiyo ikizeeka hunywea, tena hainywei kwa kadiri moja. Ikilazwa pamoja baada ya miaka hamsini, rangi hazikutani sawasawa, na nyuso za watu huzungukwa na ukungu mwekundu au wa kijani. Mafundi waliirudia mikanda ya asili na kuilinganisha upya kwa kompyuta, na toleo likatoka Machi 2010. Pamoja nalo palikuwa na sanduku la kumbukumbu, ambamo mnunuzi alikuta kitabu cha Katharine Hepburn kuhusu safari ya utengenezaji wa filamu, sauti ya mchezo wa redio uliotokana na kisa hicho, kadi za posta, na filamu ya maelezo ipatayo saa moja. Vipande vilivyokatwa havikuwamo.

Kwa macho, kazi ile ni ya kusifiwa. Rangi za maji na majani alizozinasa mpiga picha Jack Cardiff zimerudi na uhai wake. Kadhalika kisa chenyewe kingali kina mvuto: wanandoa wa hadithi nyingi za sinema ni vijana, lakini hawa ni mwanamume na mwanamke wa makamo, mmoja mlevi na mwingine mcha Mungu, wanaojifunza kupendana ndani ya mashua mbovu. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake, na hatuoni kwamba alipendelewa.

Lakini ziwa letu liko wapi? Kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935, ambacho filamu imetokana nacho, kililipa ziwa jina la kubuni la Kijerumani. Wasanii nao hawakufika Tanganyika. Walipiga picha zao katika mto Ruiki, Kongo ya wakati huo wa Wabelgiji, na Uganda, huko Butiaba na karibu na maporomoko ya Murchison. Mahali ambapo Bogart na Hepburn wanaingia majini, maji yale ni ya tangi la studio Uingereza, kwa kuwa mito ya Afrika ilihofiwa. Meli ya kivita ya Wajerumani, Louisa, iliigizwa na Buganda, meli ndogo ya kukokota ya Ziwa Victoria. Si kosa hilo; sinema ina ruhusa ya kuazima. Tunachotaka kionekane ni kwamba filamu iliyolipa ziwa letu sifa duniani haina hata tone moja la maji yake.

Liko jambo jingine la utengenezaji ambalo lilituzuia kwa muda mrefu kuliko yote. Filamu inaanza kanisani, katika kijiji kinachoitwa Kungdu, Septemba 1914. Mchungaji anaongoza ibada, dada yake anapiga kinanda, na waumini Waafrika wanaimba wimbo usioeleweka kiitikio wala beti zake. Ni tukio la kuchekesha, na limekusudiwa kuchekesha. Robert Morley, aliyeigiza mchungaji, sehemu yake ilipigwa Uingereza. Waumini walipigwa Afrika. Mkasi na gundi ndivyo vilivyowaweka chini ya paa moja. Kwa hiyo mchungaji anawatazama watu asiopata kuwaona, na watu wale wanamwimbia mtu ambaye hakuwapo. Muda mfupi baadaye askari wanafika, nyumba zinachomwa moto, wanakijiji wanaswagwa, na filamu haiwaulizi tena. Mtazamaji hutoka akiwajua Rose na Charlie kama jirani zake. Hatoki na jina la mwanakijiji hata mmoja.

Hapa ndipo tunapoachana na wapenzi wa matoleo maalumu. Imani yao ni kwamba ukamilifu wa filamu umo katika kabati fulani: likifunguliwa, filamu itakamilika. Kwa Metropolis imani hiyo ilikuwa kweli. Kwa The African Queen, tuseme kabati lote lingefunguliwa, tungepata nini? Tungepata Bogart akinywa zaidi, ruba zaidi mgongoni mwake, Hepburn akishika usukani kwa dakika kadhaa za ziada. Yule mama aliyechomewa nyumba Kungdu tusingempata, kwa kuwa hakukatwa. Hakupigwa picha tangu awali. Mkasi hauna hatia naye. Aliachwa wakati mwandishi alipoketi na karatasi tupu, na pengo la namna hiyo hakuna fundi wa kuliziba.

Wala isisemwe kwamba historia haikuwa na cha kuonyesha. Mwambao huu wa Burundi ulikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916. Meli iliyompa Forester fikra ya Louisa ilikuwa Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5000. Masanduku hayo yalivuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapelekwa kwa reli hadi Kigoma, na meli ikashushwa majini Februari 1915. Waingereza nao wakazileta mashua mbili, Mimi na Toutou, zikakokotwa kwa mashine za mvuke, ng'ombe, na mikono ya maelfu ya wafanyakazi, kupita milima ya Kongo hadi ufukwe wa magharibi wa ziwa. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka Kingani, na Februari iliyofuata wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen yenyewe haikulipuliwa na shujaa yeyote. Mabaharia wake waliipaka mitambo grisi wakaizamisha kwa mikono yao, tarehe 26 Julai 1916, ili siku moja iweze kuibuliwa. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Nani aliyavuta mashua yale mlimani? Nani aliyabeba masanduku? Lugha yetu inakumbuka kuliko filamu. Kariakoo ya Dar es Salaam imelipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, jina la kigeni likilainishwa katika vinywa vya watu hadi likawa Kiswahili safi. Mwalimu wa lugha anayo hapa filamu nzima ndani ya neno moja. Na Liemba haikuishia katika vita vile. Mei 2015 ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi waliorundikana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho karibu na mpaka, kuwapeleka Kigoma. Watu wa mwambao huu waliipanda wakiwa na watoto na mafurushi. Waliobahatika kuitazama The African Queen baadaye hawakuwa na njia ya kutambua kwamba meli ile inayolipuka mwishoni huku wapenzi wawili wakiogelea kwa furaha ndiyo iliyowatoa ufukweni.

Labda mtu atauliza kama watazamaji wetu wanahitaji sanduku la kutoka ng'ambo, maadamu wanayo desturi yao ya kuiongezea filamu. Tunasema juu ya wasimulizi. Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu, alipata sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili, na wengi wameifuata njia hiyo. Msimulizi hodari hafasiri tu. Mtu anayepita nyuma ya shujaa bila jina, yeye humpa jina, kabila, na deni asilolilipa. Wakati mwingine hutia chumvi hadi mchuzi hauliki, na Kiswahili chake hakipendezi katika mtihani. Hata hivyo tunamthamini kwa jambo hili: anaona kwamba yule apitaye nyuma ni mtu.

Jambo hilo hilo tumelifanya zoezi la insha. Tuliwaonyesha wanafunzi tukio la kanisani mara mbili, kisha tukawataka waandike tukio hilo kutoka benchi la waumini: wanasema lugha gani wao kwa wao, wanamwonaje mchungaji, wimbo wanauelewaje. Wengi waliandika mahubiri, jambo ambalo lilituchosha kidogo. Wachache walitushangaza. Mmoja, mtoto wa mvuvi, aliwaacha wazungu nje kabisa akaeleza jinsi askari walivyoingia kijijini wakidai samaki wakavu, na bibi mmoja akaficha pishi mbili za ndagala chini ya majivu. Lugha yake ilikuwa na makosa ya upatanisho wa kisarufi yasiyopungua kumi. Tukayasahihisha yote, tukampa alama ya juu kuliko wenzake, na baadhi ya walimu wenzetu walitulaumu kwa hilo. Tungependa wasomaji walijaribu zoezi hili na kutuletea matokeo, hata kama yanatupinga.

Limebaki neno kuhusu kungoja kwetu wenyewe. Burundi inayo filamu yake ndefu ya kwanza ya kubuni, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, inayomhusu kijana anayerudi Bujumbura na shahada ya Paris akitarajia cheo kikubwa, akakikosa, huku mchumba Mfaransa na mpenzi wake wa nyumbani wakikutana na kushirikiana kumtia adabu. Hiyo ndiyo tungependa kuiona ndani ya sanduku lenye heshima: picha zilizosafishwa, mahojiano na waliobeba taa na kuendesha magari, vipande vilivyoachwa kama vipo, na maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kwa maana Rumonge wako wengi wanaosoma Kiswahili na wasiojua Kifaransa. Wanafunzi wetu wakituuliza tena kama hiyo ndiyo yote, kwa filamu hiyo angalau jibu litapatikana kwa watu tunaoweza kupanda basi tukaenda kuwauliza.