Tangazo Litokalo Mimbarini

Wako wenzetu hapa Arusha wanaodhani kwamba mwenye kunyamaza juu ya nyimbo na filamu ni mwoga, au ameridhia. Kila Ijumaa wanataka khatibu amtaje msanii fulani: kavaa nini, kasema nini, kagombana na nani. Kwa hakika hotuba za namna hiyo zimetutia hasara.

Chukueni wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliupiga marufuku kwa maneno yake machafu. Na Desemba, walipouimba tena jukwaani, wakafungiwa wenyewe. Baraza lina mamlaka, na mamlaka ndiyo ule mkono unaotajwa katika Hadithi ya kuondoa uovu kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo. Je, sisi wengine tulifanya nini? Katika msikiti mmoja nilimsikia khatibu akilichambua lile neno lenye maana mbili mbele ya wazee na watoto. Jumatatu yake mvulana wa chuoni, ambaye kwao hapapigwi muziki, akaniuliza maana yake. Wimbo wenyewe alikuwa hajausikia. Habari zake alizipata msikitini.

Imamu Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika Ihyaa ameyataja maafa 20 ya ulimi. La kwanza ni kusema yasiyokuhusu. La tatu ni kuzama katika batili, na humo ametia masimulizi ya habari za wanawake, vikao vya ulevi na mambo ya mafasiki. Mwenye kusimulia kwa kulaani huona amesalimika, ilhali masikio ya wasikilizaji yamepokea yaleyale. Aya ya 19 ya Suratun Nuur inawaonya wapendao uchafu uenee kwa walioamini. Hasha, simtuhumu khatibu kwamba anapenda uenee. Lakini uchafu ukishaenea haumwulizi mtu nia yake.

Wazee wetu nao walikuwa na yao. Filamu ya "Hatari!" ya Howard Hawks ilipigwa pande zetu hizi kabla ya kutoka mwaka 1962, John Wayne akifukuza vifaru kwa gari. Mwigizaji mwenziwe, Hardy Krüger, akaipenda nchi, akanunua shamba Momella, chini ya Mlima Meru. Ewe ndugu, watu wale walisemwa! Wayne alikufa 1979, Krüger 2022, na nyumba ya Krüger sasa hulaza watalii kwa jina la filamu ileile. Mabishano yale hayakumfundisha mtu hata kutawadha.

Sisemi tufumbe macho. Mwanao akiimba maneno hayo nyumbani, hilo lakuhusu: mkalishe, mseme naye peke yenu, bila kumtukana mwimbaji. Msanii akiwa jirani yako, nenda kwake kwa adabu. Huenda hajapata kunasihiwa na yeyote, ila kuzomewa tu.

Khatibu naye ana dakika chache kwa juma. Wajane wangapi wa Ngarenaro na Kaloleni wanajua kwamba fungu la mke ni thumni mume akiacha watoto, na robo asipoacha? Na shemeji zao je, wanajua?